Tiketi ya Makohozi

Mara tatu nilitoa makohozi kwenye maabara moja hapa Songea, na mara tatu yakapotea. Jina la maabara silitaji, wenyewe wanajijua. Gunia la mahindi likipotea, unaangalia jirani gani kanunua redio. Lakini makohozi ya mzee wa Namtumbo, nani ayaibe, ayapeleke wapi? Nikajua hapa kuna mkono wa wakubwa.

Ningeyaacha huko huko yalikopotelea, ila binti yangu Anjelika, anayekaa Lizaboni, alijifungua mtoto wa kike. Akampa jina la mama yake, marehemu mke wangu, Kasiana. Nilipokwenda kumwona nilikohoa mara mbili tu mlangoni. Anjelika akavuta mlango wa wavu, yeye ndani na mtoto, mimi nje na kuku niliyemletea.

"Shikamoo baba. Mtoto utamshika siku utakayoleta cheti kwamba huna kifua kikuu."

"Marahaba. Hiki ni kikohozi cha moshi wa bani. Miaka thelathini nakausha tumbaku humo, ulitaka nikohoe marashi?"

"Basi hospitali waandike kwamba ni moshi."

Kuku alimpokea. Mimi nikabaki nje.

Ubatizo ukapangwa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Jumanne ya wiki ile ile nikaenda maabara mara ya nne. Mkuu wa pale ni Bwana Urbani, mtu ambaye tumbo lake huingia ofisini kabla yake. Safari zote tatu alifungua daftari lake kubwa lenye alama za vikombe vya chai, akapitisha kidole, akasema, "Mzee, lete mengine," kama vile naokota kuni.

Safari hii dirishani alikuwapo binti mgeni, Yasinta, na kompyuta iliyozeeka kuliko ndoa yangu. Mkononi alishika kidude kama bastola, akakielekeza kwenye kikopo, kikalia pii.

"Shikamoo babu. Hii ni skana, inasoma ile mistari kwenye lebo. Kila kikopo kina mistari yake, na kompyuta inajua kimetoka saa ngapi na kimerudi saa ngapi."

"Marahaba. Na mtambo huo serikali imeununua bei gani, na nani kala?"

"Hakuna aliyekula, babu. Programu ni ya bure. Wenzetu waliitengeneza wakaiacha wazi, kila mtu aichukue na airekebishe atakavyo. Skana tumeipata kwenye duka lililofungwa, kompyuta ilikuwa stoo."

Bwana Urbani akasema kutoka nyuma, "Mimi niliomba mfumo wa Dar, wa milioni. Wakaniletea cha bure. Tutaona."

Cha bure ninachokijua mimi hapa nchini ni ahadi. Lakini sikubisha. Yasinta akabandika lebo yenye jina langu na mistari kwenye kikopo, akaniambia nikohoe asubuhi kabla ya kula, nikiweke kwenye sinia pale dirishani.

Nililala jiko la nje kwa Anjelika, maana nyumbani kwa mwanangu sasa naingia kwa cheti. Alfajiri nikakohoa vizuri, makohozi ya mtu mzima. Kisha nikabandua ile lebo taratibu, nikaiweka ndani ya kofia kama kawaida yangu.

Anayelima tumbaku atanielewa. Robota lako likifika kwenye mzani bila wewe kubaki na tiketi mkononi, hilo si lako tena. Marehemu Kasiana aliziweka tiketi zetu kwenye kopo la biskuti na kuniambia, "Leodegari, mkubwa mwachie mzigo, karatasi usimwachie." Maisha yetu yote hatukuibiwa robota hata moja.

Basi nikaweka kikopo kwenye sinia, nikaondoka na tiketi yangu.

Ijumaa nikarudi. Yasinta akaangalia kompyuta, akaangalia tena.

"Babu, kikopo chako hakijarudi."

"Nimekileta kwa mkono wangu huu."

"Mzee, lete mengine," akasema Bwana Urbani, na uso wake uling'aa. "Nilisema mimi. Cha bure hicho. Jumatatu tunarudi kwenye daftari."

"Jumatatu ubatizo umeshapita," nikamwambia. "Mjukuu wangu atapakwa mafuta nikiwa nimesimama nje na mbwa wa parokia."

Yasinta hakuinua kichwa. "Subiri, mkuu. Jumanne vilitoka vikopo arobaini na moja. Vimesomwa arobaini. Kisichosomwa ni cha babu. Na Jumatano tulitupa kikopo kimoja kisicho na lebo. Babu, lebo yako iliishia wapi?"

Hapo nikajua nimewapata. Nikavua kofia. "Ushahidi huu hapa. Jina langu, mistari yangu. Kataeni sasa."

Yasinta akaielekeza skana kwenye kofia. Ikalia pii. Akasoma kwenye kioo, "Leodegari Ngonyani. Sampuli imepokelewa."

Mama mmoja kwenye foleni, Halima, aliyekuwa amembeba mtoto wake mgongoni, akasema, "Wallahi babu, umepokelewa wewe mzima mzima. Ingia kwenye friji."

Watu wakacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Nikatoa na plasta tatu nilizobandua kwenye vikopo vya safari zilizopita, zilizoandikwa jina langu kwa kalamu. Bwana Urbani akazishika.

"Huu mwandiko wangu," akasema. "Mzee, mwizi wa makohozi yako ni wewe mwenyewe."

"Jina limeandikwa langu. Ningejuaje kwamba jina langu ni mali ya kikopo?"

Ndipo Yasinta akauliza, kwa adabu kabisa, "Mkuu, na vile vitatu vya mwanzo visivyo na jina, daftari lilisemaje?"

Lilisema "kimepotea". Mara tatu, kwa mwandiko ule ule. Daftari halikuwahi kumuuliza mtu swali. Hilo nataka liandikwe: mimi nilibandua, ndiyo, lakini wao hawakutafuta.

Yasinta akavuta kiti. "Babu, kosa lako lina akili ndani yake. Mgonjwa hana cha kushika." Akabonyeza herufi kama robo saa hivi. "Ingekuwa ule mfumo wa Dar tungeandika barua. Huu uko wazi, naurekebisha mwenyewe." Mashine ikatema lebo mbili zilizofanana. Moja akaibandika kwenye kikopo, akapitisha utepe wa gundi juu yake mara tatu huku ananitazama. Ya pili akanipa.

"Hii ya kofia."

Nikakohoa pale pale uani. Halima naye akadai ya kwake ya kushika, na foleni nzima nyuma yake.

Jumamosi jioni nikapewa cheti: kifua kikuu hakuna. Bwana Urbani alinipa mwenyewe, na hakusema nilete mengine.

Jumapili mlangoni mwa kanisa Anjelika, ambaye habari za kofia zilikuwa zimeshamfikia, akakisoma cheti juu hadi chini, akakuna kwa ukucha lebo ya mistari iliyobandikwa juu yake.

"Baba, hii nayo umeibandua wapi?"

"Nimepewa. Piga simu uulize."

Akanitazama, kisha akaniwekea mtoto mikononi. Mzito kuliko nilivyodhani, na macho ya mwenye jina, marehemu bibi yake. Akanivuta kofia mara moja.

"Haya, ingia ndani, baba."

"Naingia. Ila hicho cheti nirudishie," nikamwambia. "Huyu ndiye mzigo, na karatasi yake ni hiyo."