Magharibi ya Bwana Nukta

Pale jumba la makumbusho walimwita Bwana Nukta, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Mpelekee karatasi iliyokosa nukta, utarudishiwa papo hapo. Kuna karani aliyewahi kuandika "tai" mahali pa "tausi". Huyo hadi leo yuko ghala la mawe, anahesabu mawe.

Miaka kumi na moja mzee wa watu alikuwa akiandika orodha moja tu: ndege mia mbili na kumi na wanne, waliokaushwa na kulazwa chali ndani ya droo, kila mmoja na kibandiko mguuni. Aliyewakusanya alikuwa fundi viatu, sasa ni marehemu, mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache: aina ya ndege, tarehe, na neno "Magharibi". Basi kitabu cha orodha hiyo kikaitwa "Ndege wa Miteremko ya Magharibi". Kesho kingeingia mtamboni, Ijumaa mwenyewe angestaafu, na jina lake lilikuwa limekaa juu ya jalada. Hakuwa na kingine cha kuachia dunia, na alilijua hilo.

Jioni hiyo akaja binti wa fundi viatu, mama mtu mzima, kuwaona ndege wa babake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu uone kazi ya baba yako." Akamfungulia droo, akamsomea na utangulizi: jinsi ndege hawa walivyopauka vifua kwa ukame wa upande wa magharibi.

Mama akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Ukame wa wapi, mzee? Sisi tulikaa mashariki, kwenye mvua. Baba na lile goti lake hakuvuka mlima hata siku moja."

"Mbona kaandika magharibi?"

"Si ndiyo saa yenyewe? Mchana kutwa alikuwa na viatu vya watu. Nyavu alitega jua likizama."

Bwana Nukta akakaa. Neno hilo mkewe humwambia kila siku ya Mungu: magharibi ikiingia uwe nyumbani. Nyani haoni kundule.

"Na huku kupauka?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Walikaa miaka dirishani, dukani kwake. Jua hilo." Mama akamwonea huruma. "Lakini mimi simwambii mtu, mzee. Hata mkiandika kusini, baba hatafufuka kudai."

Alipoondoka, Bwana Nukta akalitazama jalada, akalipapasa jina lake. Roho ilimuuma, tena sana. Kisha akavuta fomu ya kusitisha uchapaji. Penye sababu akaandika: "Kosa la mwandishi." Nukta akaiweka.

Penye saa akachungulia nje, jua lilikuwa linazama, na mkono ukaandika wenyewe: "Magharibi".

Akalisoma. Akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika: "Saa kumi na mbili na dakika ishirini, jioni."