Vifaranga Waliogoma Kuelea

Tomke alipiga kelele jikoni hadi nikadhani amejikata.

"Mama! Wanatambaa kama konokono!"

Binti yangu hafugi paka kama watoto wengine hapa Oldenburg. Anafuga kili, samaki wa madimbwi ambao mayai yao hulala miezi katika udongo mpaka yamwagiwe maji. Dume na jike walishakufa. Mayai yale ndiyo mbegu pekee iliyobaki. Sasa yalikuwa yameanguliwa, na vifaranga walikuwa wakiburura matumbo sakafuni mwa karai. Wakiruka kidogo, wanaanguka.

Nikampigia simu Tjarks wa chama cha wafugaji, sauti wazi ili Tomke asikie.

"Vibofu vyao vya kuelea havijapata hewa," akasema. "Wamwage tu, Mama Tomke. Sote tunafanya hivyo."

"Akimwaga samaki wangu, nammwaga yeye!" Tomke akasema, akilikumbatia karai.

"Hiyo hewa wanaitoa wapi?" nikauliza.

"Juu ya maji. Wanapanda kuimeza siku za mwanzo. Wakikosa, basi."

Nikakata simu, nikainama. Juu ya maji palikuwa na rangi za upinde wa mvua. Mafuta! Utando huo ndio uliowazibia hewa.

"Mama," nikamwita mama mkwe wangu, Gesche, "karai hili umelitoa wapi?"

"Si langu la sukumawiki na soseji? Mtoto aliomba chombo kipana. Nililiosha!"

"Uliliosha kwa macho."

"Bibi, umewapikia samaki wangu supu!"

"Nyamaza, mke mwenzangu. Wewe hata kijiko hujui kuosha."

Nililaza karatasi ya jikoni juu ya maji, nikainyanyua imelowa mafuta, nikalaza nyingine, na nyingine, hadi maji yakatakata. Kisha nikayapunguza yabaki kina cha ukucha, ili hata aliye dhaifu afike juu. Gesche akamimina chai. Hakuna aliyeinywa.

Mchana, kifaranga mmoja akajirusha, akagusa hewa, akaanguka. Akapanda tena. Safari hii akabaki palepale, ananing'inia katikati ya maji kama mwenye nyumba.

"Kaelea! Bibi, kaelea!"

Kufikia jioni wachache tu ndio walikuwa bado wanatambaa. Gesche alimzungusha mjukuu wake jikoni mpaka viti vikaanguka. Tomke mwenyewe akampigia Tjarks, akamsimulia yote kwa pumzi moja.

Tjarks akakohoa. "Wakikua, utanipa jozi?"

"Utapata," Tomke akasema. "Ila kwanza uwaombe radhi. Nakusogezea simu majini."

Akaomba.