Ijumaa, Saa ya Kugema

Fomu iliingia kwenye kompyuta ya kituo chetu cha masomo Jumatatu jioni, na Rotia akaisoma kwa sauti. Chuo kilitaka wahitimu wa mwaka huu waandike ukurasa mmoja kuhusu maisha yao chuoni. Ulikaa bweni gani? Ulipenda kula wapi? Mahali gani utapakumbuka zaidi?

Tulitazamana, sisi watatu. Chuo chenyewe kiko ng'ambo, safari ya ndege mbili, na hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Kwetu hapa kisiwani Abaiang chuo ni chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, na dishi la setilaiti juu ya bati. Tumesoma humo kila jioni kwa miaka sita.

"Bweni andika la mbu," alisema Biribo.

"Na chakula?" Rotia akauliza.

"Sufuria ya Mama Teretia. Wali wa leo, samaki wa juzi."

"Na bado ulikuwa unakomba sufuria," nikamwambia.

Mimi ndiye Teretia, mpishi wa shule hiyohiyo. Nilianza masomo nikiwa na miaka arobaini na sita. Rotia anafundisha watoto wa chekechea. Biribo ni mwalimu msaidizi, mdogo wetu, na ndiye mwenye alama za juu kuliko sisi wote. Sote tulikuwa tunatafuta shahada ya ualimu.

Tukaanza kukumbuka. Ile jioni maji ya bahari yalipopanda mpaka ndani ya chumba, tukaweka miguu juu ya viti na somo likaendelea. Rotia alivyojifungua Jumanne, na Alhamisi akatuma kazi yake kutoka zahanati, akiandika kwa mkono mmoja. Mhadhiri alivyoganda kwenye skrini mdomo wazi, dakika arobaini, nasi tukaona aibu kuondoka mbele yake. Biribo alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Andikeni yenu wawili. Mimi msiniweke."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mtihani wa mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi mpaka saa moja. Mimi saa kumi na moja niko juu ya mnazi."

Baba yake, mzee Kabuati, alianguka akigema miaka mitano iliyopita, akavunjika nyonga. Tangu hapo Biribo anagema minazi yake minne, asubuhi na jioni. Ukiacha kukata ncha ya karara, lile ua changa la mnazi, jioni moja, inakauka na tembo linakatika kwa wiki kadhaa. Watoto wa dada yake wananywa lile tembo tamu kabla halijachacha, na nyumba nzima inakula asali inayochemshwa kutokana nalo. Kwa hiyo darasani alikuwa anaingia amechelewa, gome la mnazi kwenye magoti. Darasa lilimsubiri. Mtihani haumsubiri mtu, maana vituo vyote vya visiwani vinaanza kwa wakati mmoja na vinafunga mlango.

"Somo hilo halirudi mpaka baada ya miaka miwili," alisema Rotia. "Na nafasi yako pale shuleni watampa mwenye shahada kutoka kisiwa kikuu, Tarawa."

"Najua, dada."

"Mwombe mtu akugemee siku moja!"

Biribo alimwangalia kama aliyetukanwa. Kwetu mwanamume hampi mwenzake kisu apande mnazi wake. Ni kama kusema nyumba yake imeisha. Na hakuna mwenye adabu anayejitolea kupanda wa jirani, ataonekana anautamani.

Nilisali siku tatu. Nilimwomba Mungu abadilishe saa ya mtihani. Nilimtajia hata jina la ofisi inayohusika. Siku ya tatu, katikati ya sala, nikaona kwamba ninaomba kitu kisicho na haja. Minazi haikuwa ya Biribo. Ilikuwa ya baba yake, na mwenye mali akiagiza mwenyewe si aibu, ila hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza.

Jumamosi asubuhi nikabeba mkate, nikamkuta mzee amelala ukumbini juu ya mkeka.

"Nimekuja kwa habari ya minazi yako, mzee."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ila kugema Ijumaa jioni kutamkosesha Biribo mtihani, na shahada."

"Shahada gani?" Alijiinua kwa kiwiko. "Huyu ananiambia anakuja kwenu jioni kupiga soga na kula wali wako."

"Miaka sita, mzee? Wali wangu si mtamu hivyo."

Alicheka huku ameshika nyonga.

"Mbona hakuniambia?"

"Labda aliogopa utasema minazi kwanza."

"Ningesema," alijibu. "Siku zile nilipoanguka, ningesema hivyo." Akaumega mkate, akatafuna polepole. "Mume wako, yule mtu wa kisiwa cha Beru. Bado anaweza kupanda, au siku hizi anaimba kanisani tu?"

"Anapanda."

"Watu wa Beru wanakata karara kama wanachinja nguruwe. Mlete Alhamisi nimfundishe. Na Biribo mwambie ni amri yangu, asije hapa kunibishia."

Ijumaa Biribo alikuja mapema, shati limepigwa pasi, magoti safi. Msimamizi aliyeletwa kutoka Tarawa akafunga mlango. Saa nzima ya kwanza kijana hakuandika hata mstari. Alikuwa anatazama dirishani, na kila jua liliposhuka kidogo alihamisha miguu chini ya meza kama anayetaka kusimama.

Saa kumi na moja sauti ya mume wangu, Tekinene, ikatoka juu ya minazi ya mzee, ng'ambo ya uzio wa shule. Mgemaji akifika juu huimba, ili walio chini wajue kuna mtu huko. Alichagua wimbo wa kwao Beru, akauimba kwa nguvu zote. Chini yake, ambako mzee alikuwa amebebwa na kulazwa juu ya mkeka wake, ikapanda sauti nyingine:

"Nyembamba! Nimesema nyembamba! Unamchinja nani huko?"

Rotia aliuma kalamu. Msimamizi akainua kichwa.

"Kuna ugomvi nje?"

"Hapana, bwana," alisema Biribo. "Ni baba yangu anafundisha."

Akainama, akaanza kuandika. Hakutazama dirisha tena, hata mzee alipofoka mara ya pili, na ya tatu, mnazi kwa mnazi. Saa kumi na mbili akanyoosha mkono, akaomba karatasi ya nyongeza. Nilifumba macho nikamshukuru Mungu. Nilipoyafumbua nikaona kwamba mwenyewe bado niko swali la pili, nikashika kalamu haraka.