Mpishi wa Manowari

Kombora la pili lilipopiga, sufuria ya maharage ilimtoka Mpishi mikononi, mchuzi ukatiririka hadi mlangoni. Hakuiokota. Taa zilikuwa zimezimika, na mngurumo wa injini, aliouzoea kwa miaka kumi na tisa kama mapigo ya moyo wake, ulikuwa umekatika ghafla.

Huko chini kwenye injini ndiko alikokuwa mkwewe.

Mpishi hakuwa mtu wa bunduki. Vita vyake vilikuwa dhidi ya wali mbichi, na mabaharia waliodai chai yake ingeweza kung'oa kutu. Siku ya kung'oa nanga bintiye alimwambia, "Baba, mume wangu nakuachia wewe." Naye akaitikia, kana kwamba bahari ni jiko, ukisema hiki kisiungue, hakiungui.

Alishuka ngazi akipapasa. Mlango wa chuma wa chumba cha injini ulikuwa umepinda, moshi ukipenya pembeni. Aligonga kwa mwiko, akaita, akasikiliza. Kimya. Akausukuma kwa bega mpaka bega likakataa. Ndipo mkuu wa sitaha, aliyekuwa akipita kuwatoa watu, akamshika ukosi.

"Mzee, nahodha ameamuru tuiache meli."

"Mwanangu yumo humu."

"Maji yamefika ngazi ya chini. Twende."

Akaburutwa kama gunia.

Wakiwa ndani ya boti za mpira, waliitazama manowari ikilala ubavu taratibu, ikainua mkia, ikaenda. Wenzake walilia waziwazi. Yeye alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia bintiye. Kila akilipata la kwanza, la pili linamkimbia.

Alasiri meli ya mizigo ikawaokota. Nahodha wao akawahesabu: mia moja na kumi na wanne, wote. Mpishi akamwomba ahesabu tena. Nahodha akamgeuza mabega taratibu, akamwonyesha. Watu wa injini walikuwa wametoka kupitia tundu la juu mapema, kabla hata Mpishi hajashuka ngazi. Alikuwa akigonga chumba kitupu.

Mkwewe alikuwa ameketi juu ya kamba zilizoviringwa, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi viwikoni. Mbele yake bakuli la uji lilikuwa likipoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inauma?"

"Siisikii, baba."

Mpishi akakaa. Kijana huyu alikuwa fundi. Mikono ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba ya binti yake. Tangu aoe, miaka sita sasa, hawakuwahi kula wakitazamana; heshima iliwaweka mbalimbali, na wote wawili waliipenda hivyo.

Akakichukua kijiko. Akauonja uji wa mpishi mwingine, akaupuliza, akakiinua.

Kijana akatazama maji, pale ambapo sasa hapakuwa na kitu. Kisha akafumba macho, akafungua kinywa.