Picha ya Jubilei ya Bonaventura

Mimi Fabiola simvumilii mtu anayenuna mbele ya kamera yangu. Studio ni yangu, hapa Dongobesh. Kununa ukanunie kwako.

Sasa Bonaventura na mkewe Oliva walikuja kutoka Masieda na mjukuu wao Hilda kupiga picha ya jubilei, miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nikawapanga kama ninavyopanga wote: mume kwenye kiti, mke nyuma yake, mkono begani. Bonaventura akakaza uso utadhani anang'olewa jino.

"Dada, hawa siyo sisi," Oliva akasema. "Tangu avunjike mguu, anayelima na maksai ni mimi. Yeye anapika na kumbeba mjukuu. Nataka wageni wa jubilei waikute ukutani picha yetu wenyewe, siyo ya majirani."

"Mama Juliana!" Bonaventura akamrukia mkewe. "Kaka yangu atakuja. Mama yangu atakuja! Unataka nichekwe mpaka kaburini?"

Mdomo wangu hauna breki. "Baba, kumbeba mtoto huoni aibu, kupigwa picha ndiyo aibu?"

Akainuka kitini. Oliva akakaa kitini, mjeledi wa maksai aliokuja nao mapajani. Bonaventura akasimama nyuma, Hilda mgongoni kwa kanga, kanuna vilevile. Mara Hilda akamvuta sikio kwa nguvu zake zote. Mzee akaangua kicheko, nami nikabonyeza. Nilipomwonyesha, aliitazama sana ile picha.

"Kumbe nacheka vizuri," akasema.

Lakini hofu haikumtoka. Siku ya jubilei nilikwenda kwao kupiga picha, nikakuta ameifunika fremu ya ile picha kwa kitambaa cha kochi. Oliva akakivuta mbele ya wageni wote. Margwe, kaka yake Bonaventura, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Jamani! Mama mwenye nyumba siku hizi ndiye huyu?"

Bonaventura akainamisha kichwa. Aisee, nilikasirika! Nikafungua mdomo nimpashe Margwe, lakini mama yao, bibi Rogathe, akaomba aletewe ile picha. Akaiweka magotini, akaipapasa kioo.

"Margwe," akasema, "wewe ulikuwa mtoto wa kulia. Nami baada ya kukuzaa niliumwa, siwezi hata kuketi. Baba yako alikubeba hivi hivi, kwa kanga yangu. Ila yeye alifunga mlango kwanza."

Margwe akaweka kikombe chini. "Baba? Kwa kanga?"

"Na alikuwa anakuimbia."

"Alikuwa anaimba nini, mama?" Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

Bibi Rogathe akauanza wimbo wenyewe, kwa Kiiraqw, polepole. Nilishindwa kuinua kamera, machozi yalinijaa. Bonaventura akaenda akamchukua Hilda kwa binti yake Juliana, akaomba kanga, akamfunga mgongoni palepale sebuleni, mlango wazi na watu wote wanamwangalia.