Asimptoti ya Baba Mkwe

Hesabu zote Mwalimu Faustina aliziweza, isipokuwa ya baba mkwe wake.

Desturi aliijua. Mumewe, Aroni, alimweleza kabla ya ndoa kwamba katika ukoo wao wa Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani ana kwa ana wala hawasemezani. Mzee Gideoni akitaka kupita uani hukohoa kwanza, na Faustina hujitosa jikoni. Wakikutana njiani ni balaa zaidi: mzee wa kanisa mzima, mwenye heshima zake Iyunga yote, hujitupa kwenye migomba kama mwizi wa ndizi.

Lakini kujua desturi si kuizoea. Kwao Kilolo, Faustina alilelewa na baba mwenye utani kutwa nzima. Hapa Aroni alikuwa Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akija mwisho wa wiki tu. Jumapili Faustina alimwambia waziwazi kwamba muhula ukiisha ataomba uhamisho arudi Iringa kufundisha huko.

"Baba yako hanitaki," alisema, akalia.

Alasiri moja ya mvua, Faustina akiwa jikoni anamenya viazi, wifi yake Joyness, wa kidato cha tano, akaingia na uso wa msiba.

"Wifi, hii asimptoti itaniua. Eti mkunjo unausogelea mstari, unausogelea, na haugusi ng'o! Sasa unazuiwa na nini?"

"Unamjua baba yako?"

"Wifi naye! Nisimjue?"

"Basi yeye ndiye mkunjo, mimi ndimi mstari. Nilipoolewa, alikuwa anakohoa tangu barabarani huko. Mwaka jana akawa anakohoa kwenye mparachichi. Siku hizi anakohoa kwenye banda la kuku. Tunakaribiana, wifi yangu, lakini hata tuishi miaka elfu, hutatukuta tumeshikana mikono. Siku mkunjo ukigusa mstari, ukoo unaitwa kikao na ng'ombe anachinjwa!"

Joyness alicheka mpaka akakalia maganda ya viazi.

"Kwa hiyo ule umbali katikati yao hauishi?"

"Hauishi. Unapungua tu. Kila ukipima, leo ni mdogo kuliko..."

Faustina akaacha kumenya, kisu mkononi. Alikuwa anatania, lakini mdomo ulikuwa umesema jambo ambalo moyo wake haukuwahi kuliona. Barabarani. Mparachichi. Banda la kuku.

Hapo ndipo nyuma ya ukuta wa jikoni mtu akapaliwa na kicheko, akajaribu kukigeuza kikohozi, asiweze. Mzee Gideoni alikuwa amejibanza chini ya paa akikwepa mvua pamoja na kuku mmoja, na maskini alikuwa amesikia yote. Joyness akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Kisha sauti nzito ikamwambia kuku, "We kuku. Kamwene."

Faustina alishtuka. Kamwene! Salamu ya Kihehe, salamu ya mama yake, hapa Iyunga, kwa matamshi yaliyopinda kweli kweli.

"Baba aliniuliza juzi kwenu mnasalimianaje," Joyness alinong'ona. "Nikadhani ana mgeni kanisani."

Kuku, bila shaka, hakuitikia. Faustina akafuta mikono, akainamia chungu chake.

"Kamwene, chungu," aliitikia.

"Kuku wangu," mzee akaendelea, polepole, "Aroni ameniambia unataka kuhama. Mimi kukukimbia ni heshima, si chuki. Ningekuwa sikutaki, ningekohoa ya nini? Ningepita tu. Banda hili ni lako."

Machozi yalimtoka Faustina, na safari hii hakuyaonea aibu. Alivipanga viazi chunguni kimoja kimoja, akaongeza na vya mzee, vile vikubwa.

"Chungu," alisema kwa nguvu, ili ukuta usikie, "mwambie baba kwamba kuku wake haendi popote."

Mzee akakohoa, karibu kabisa, ubavuni mwa ukuta. Faustina hakukimbia.