Bei ya Mikate Miwili

Shemeji alivaa koti la marehemu ili benki wamheshimu. Mikono ya koti ilikuwa mifupi, na viwiko vyake vilikuwa vimebanwa kiasi kwamba alitembea kama mtu aliyebeba beseni lisiloonekana. Alikuwa amenawa mara tatu asubuhi hiyo, lakini vumbi la mbao halitoki kwenye kucha za seremala kwa sabuni ya siku moja. Alisimama mlangoni, bahasha ya benki mkononi, akamgeukia mjane wa kaka yake.

"Nimekaaje?"

"Umekaa vizuri, shemeji."

"Nafanana na mtu wa kudanganywa?"

"Hapana."

"Basi twende. Leo watanieleza vizuri deni la mtu aliyezikwa linadaiwaje kwa waliobaki."

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, ungo wa mchele mapajani. Aliinua macho. "Usiende kupigana na watu."

"Siendi kupigana, mama. Naenda kuuliza kwa sauti."

Mjane alichukua mkoba wake akatoka nyuma yake. Jibu la swali la shemeji alikuwa nalo yeye. Kwa wiki tano alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Alikuwa amelipitishia pasi pamoja na kila shati la wateja, na kila shati lilinyooka isipokuwa hilo jibu.

Mumewe alikuwa akimwita Waziri, yaani waziri wa fedha, na mtaa mzima ukalishika jina hilo. Halikuwa jina la dhihaka. Yeye ndiye aliyegundua kwamba akaunti ya mumewe inakatwa ada kila mwezi bila sababu ya maana, akamhamishia kwenye akaunti isiyokatwa. Ndiye aliyemkataza kutoa pesa kidogo kidogo kwenye mashine, maana kila ukiipa kadi yako lazima ing'ate kipande. Na walipotaka mkopo wa kununua mashine ya kuranda mbao, alizunguka benki tatu na daftari lake, akauliza riba ya kila moja bila haya kama anayeuliza bei ya nyanya, akachagua ile ambayo ingewaumiza kidogo zaidi. Majirani walimletea karatasi zao. "Waziri, hapa wamenila?" Naye, pasi ikipoa pembeni, angefuata mistari kwa kidole. "Wamekula. Na watakula tena usipofunga mlango."

Kwenye karatasi ya mkopo wao kulikuwa na mstari wa bima. Mkopaji akifa, bima ingelipa deni lililobaki. Mwaka wa kwanza ilikuwa lazima; baada ya hapo, mteja aliachiwa aamue mwenyewe. Mwaka ulipotimia, Waziri aliuwekea mstari ule alama ya kalamu. Yalikuwa makato madogo, bei ya mikate miwili kwa mwezi, lakini yeye hakuwa mtu wa kuacha mikate miwili ipotee. Mumewe alikuwa na miaka thelathini na minane. Hakuwahi kulazwa hata siku moja, na ubao mbichi wa watu wawili aliubeba begani peke yake huku anapiga mluzi. Kumlipia bima mtu kama yule aliona ni sawa na kumlipa mlinzi alinde kiwanja kitupu. Wakaenda benki pamoja. Mume akatia saini, mke akatia saini ya shahidi.

Miezi minane baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, kifua kilimbana akiwa ameegemea mashine. Saa tisa alasiri hakuwepo.

Shemeji, mdogo wake, ndiye aliyemrandia mbao za jeneza, kwenye mashine hiyohiyo. Waziri alizitoa pesa zote alizookoa tangu bima ifutwe, maana alikuwa ameziweka kando kama kawaida yake. Zikatosha misumari na kitambaa cha ndani.

Sasa benki ilikuwa imeandika barua. Malipo ya mwezi yalikuwa yamepita bila kulipwa, na kama hali ingeendelea hivyo, mwisho wa mwezi huu wangekuja kuichukua mashine. Bila mashine, shemeji angerudi kwenye randa ya mkono, kiti kimoja kwa siku tatu, na viti hivyo ndivyo vilivyowalisha yeye, mama yake na mjane. Lakini shemeji alikuwepo siku ya kuchukua mkopo. Aliisikia habari ya bima kwa masikio yake mwenyewe. Kwa hiyo kwake jambo lilikuwa wazi: benki inawaficha.

"Mwaka mzima wamemkata," alisema njiani, akiyapasua makundi ya watu kwa bega. "Mwaka mzima! Leo wanajitia kusahau. Wanadhani sisi wa kuranda mbao hatuna kumbukumbu."

"Shemeji, kuna jambo nataka kukuambia."

"Kama ni koti linanibana, najua. Nimekubali kubanwa."

Mjane aliliacha jambo lile. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Mara ya kwanza alijaribu msibani, akakatizwa na wageni. Mara ya pili alimkuta karakanani anaipaka mashine mafuta taratibu, kama anayemkanda mgonjwa, akageuza njia. Mara ya tatu alimwita, kisha akamuuliza tu kama amekula. Mtu akisifiwa miaka yote kwa jambo moja, siku jambo hilo linapombomokea hajui asimame upande gani wa nyumba.

Ofisa wa mikopo alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ndogo. Alipomwona mjane alisimama, akampa pole kwa mikono miwili, akaenda mwenyewe kumletea maji kwenye bilauri. Shemeji hakulainika.

"Pole tumezipokea. Sasa tuzungumzie bima."

"Naomba nifungue faili kwanza, mzee."

"Fungua. Sisi tupo."

Kijana alifungua. Karatasi zilikuwa nyepesi, na mjane, kutoka upande wa pili wa meza, aliziona saini mbili zikiwa kichwa chini: moja ndefu iliyolala kama mbao zilizopangwa, nyingine ndogo, ya mtu anayebana hata wino. Kijana aliisoma ile karatasi, akamtazama mjane, akairudia. Alikuwa ameelewa. Alishusha sauti yake iliyokuwa tayari chini.

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba mteja mwenyewe aliomba..."

"Mteja yupi?" Shemeji alipiga meza kwa kiganja, maji yakaruka kwenye bilauri. "Kaka yangu? Mnamsingizia maiti kwa sababu mnajua hawezi kuja kubisha?"

Foleni nzima iligeuka. Mlinzi aliacha mlango akaanza kusogea. Kijana wa mikopo aliweka kiganja juu ya ile karatasi, akaifunika. Alikuwa tayari kutukanwa kwa niaba ya mtu asiyemjua. Hilo ndilo lililomshinda mjane.

"Hajamsingizia," alisema. "Bima haipo, shemeji. Tuliifuta. Niliifuta mimi. Yeye nilimpeleka tu. Saini ya pili hapo ni yangu."

Kijana aliinua kiganja. Shemeji aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu. Hakusoma maelezo. Aliweka kidole chini ya saini ya kaka yake, akakipitisha polepole hadi mwisho wake, jinsi seremala anavyopima ubao kama umenyooka. Kisha alisimama.

"Samahani, kijana wangu," alisema, akatoka.

Mjane alibaki kidogo. Ofisa alimsogezea fomu. "Hii ni ya kuomba kupangiwa upya malipo, mama. Siahidi kitu. Lakini ijazeni mapema." Aliichukua, akaikunja mara mbili, asijue hata ameikunja.

Nje, shemeji alikuwa amesimama kando ya barabara, amempa mjane mgongo.

"Ilikuwa ngapi kwa mwezi?"

Akamtajia.

"Hiyo ni nini? Mikate miwili?"

"Miwili."

Alitikisa kichwa, akatoa sauti fupi ya puani. "Miezi minane mara mikate miwili. Tungekula makombo tu, bima tungeilipa." Wakatembea. Baada ya hatua nyingi alisema tena, bila kumtazama: "Sijui kama nitaweza kukusamehe, shemeji. Nisikudanganye, sijui. Ila mama asijue. Nitamwambia benki wamekataa. Wao wameshazoea kutukanwa, wewe hujazoea."

Mama mkwe aliwasikia wakifika. Ungo ulikuwa bado mapajani, mchele umeshachambuliwa, naye anauchambua tena.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa, mama," alisema shemeji, akikaa kwenye ngazi. "Benki ni benki. Wamegeuza geuza karatasi weee, mwisho wakasema hakuna kitu."

"Nani? Nani aliyesema hakuna kitu?"

"Kijana mmoja hivi."

"Kijana!" Mama mkwe aliuweka ungo chini. "Kijana aliyezaliwa na mwanamke kama mimi! Asile akashiba. Mama yake naye siku moja akae kwenye kigoda kama hiki asubiri mtoto asiyerudi..."

"Mama, usimlaani," mjane alisema.

"Acha nimlaani. Nimebakiwa na nini kingine cha kufanya?"

"Yule kijana aliniletea maji." Alipiga magoti mbele ya kigoda, mkoba ukiwa bado begani. Shemeji alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. "Hana kosa, mama. Bima ilikuwepo. Nilimwambia mwanao tuiache, ili tuokoe vijipesa. Nilimsumbua wiki nzima mpaka akakubali. Kama si mimi, leo deni lisingekuwepo na mashine ingekuwa yetu. Ni mimi."

Kwa mbali mtu alikuwa anagonga bati. Mama mkwe aliutazama uso wa mkwewe, kisha mikono yake yenye alama za kuungua kwa pasi, kisha akatazama pembeni. Mjane alisubiri. Alikuwa ameyaandaa masikio yake kwa kila neno baya analolijua.

"Ulipomwambia aifute," mama mkwe akauliza, "alikujibu nini?"

"Mama?"

"Mwanangu. Siku alipokubali. Alisema nini?"

Mjane ilibidi atafute. Kwa wiki tano alikuwa ameyakumbuka maneno yake mwenyewe tu, yale ya hesabu. Ya mumewe hakuyagusa. Yalikuja taratibu.

"Alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini, akacheka. Akasema, 'Sawa, Waziri. Kwa jinsi ninavyokujua, hata kaburini utanishusha kwa punguzo.'"

Mama mkwe alitoa kicheko ambacho hakuna aliyekitegemea, hata yeye, akakikamata kwa kiganja mdomoni. Macho yalikuwa yamejaa. Kwenye ngazi shemeji aliinamisha kichwa magotini.

"Huyo ndiye," alisema mama mkwe. "Huyo ndiye mwenyewe. Tangu azikwe watu wananiambia tu alikuwa mtu mwema, alikuwa mtu mwema. Hakuna aliyeniambia alichosema."

Alisogeza ungo pembeni, akamvuta mkwewe kwa mkono akae karibu.

"Hebu rudia," akasema. "Polepole. Kama alivyosema yeye."

Mjane alifuta pua kwa mgongo wa mkono, akakohoa kidogo kutafuta ile sauti nzito, akaanza upya.